Jumamosi Hatuziki

Namuwongo, Kampala
3 Machi 1974

Mdogo wangu Naftali,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kuinamia cherehani. Wewe sijui, maana tangu Desemba hujaandika, na nimeanza kufikiri Nairobi hawauzi kalamu. Barua hii anakuletea Okullo, gadi wa treni, mkononi. Ujibu kwa mkono huohuo. Siku hizi barua ya posta inasomwa na watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe.

Baba yuko kwangu. Alishuka kwenye treni ya Mbale katikati ya Februari, na sanduku lake la bati na ule mguu wake mbovu. Yaliyotokea kijijini nadhani umeyasikia: dini yetu imepigwa marufuku, nyumba ya sala imetiwa kufuli la serikali, na watu wameambiwa wachague msikiti au kanisa. Wengi wamechagua. Siwalaumu, wana watoto. Baba yeye alichagua vitabu. Alivitoa vyote kabla ya kufuli kufika, Torati ya Kiebrania, vitabu vya sala, na vile alivyonakili kwa mkono wake mwenyewe, akaniletea mimi ninayekaa vyumba viwili kando ya reli. Nikamwuliza, Baba, nitaviweka wapi? Akasema, chini ya kitanda, kwani watu wengine huweka wapi vitu?

Chama chetu bado kipo. Kwenye karatasi za serikali ni Chama cha Kuzikana cha Namuwongo, na serikali haina ugomvi na watu wanaozikana. Sisi tunajua ni chama cha nini. Ndicho kinachopeleka unga Mbale kwa sikukuu ya mkate usiotiwa chachu. Ndicho kinachokaa na wagonjwa wetu na kuwafundisha watoto nyimbo za Sabato kwa sauti ya chini. Na ndicho kilichonunua kile kiwanja kidogo upande wa Bugolobi, juu ya kinamasi, ili Myahudi akifa Kampala azikwe na watu wake, kwa maneno yake. Mzee Eliabu ndiye mwenyekiti, mimi mshona sanda.

Ila tumepata chifu mpya, anaitwa Kamis, Mnubi wa Kisenyi aliyewahi kuwa jeshini. Alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, akasema, "Mama Fundi, hii chama yenu ya kuzikana, nyinyi nazika nani? Mimi naona kaburi hata moja hakuna." Nikamwambia tuna bahati, watu wetu ni wagumu. Akacheka, akaomba maji ya kunywa, akauliza tena.

Baba haogopi kufa. Anaogopa kitu kimoja, kuzikwa na watu wengine kwa maneno ya watu wengine. Ameniapisha kwamba halitatokea, nami nimeapa. Nakueleza ili ujue nimefungwa na nini.

Tutumie kitambaa cheupe cha sanda. Hapa madukani hata cha pazia hakuna.

Ni mimi dada yako,
Nabalayo


Kota za Reli, Nairobi
24 Machi 1974

Dada mpendwa,

Okullo amenifikishia barua pamoja na maneno yako makali. Kalamu ipo, uvivu pia upo. Mimi ni mzima wa mwili, karakana bado wananifuga na grisi yao. Msalimu Baba, mwambie namwota akinikemea kwa kula kabla ya kushukuru.

Kitambaa kimepatikana. Nilikwenda kwa watu wa sinagogi hapa mjini. Wana kamati ya hisani, wazee watupu, kazi yao ni kuwaangalia wagonjwa, wafiwa, na Wayahudi wapita njia wasio na kitu. Nilipowaambia kuna wenzao Kampala wanaojificha nyuma ya chama cha mazishi, mmoja alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Wametoa jora zima, na mishumaa. Okullo anavyo ndani ya kapu, chini ya kabichi.

Dada, mimi sielewi. Kwa nini Baba asije huku? Hapa anaweza kuvaa kofia yake mchana kweupe, asimame mbele ya watu asome. Nyumba yangu ni ndogo lakini mlango wake unafunguka. Mlete. Au niambie kweli kwamba ni wewe usiyetaka kuacha hilo cherehani lako.

Mdogo wako,
Naftali


Namuwongo, Kampala
Jumapili, 12 Mei 1974
(Kwa posta)

Kwa ndugu yangu Naftali,

Salamu. Natumaini u mzima.

Nasikitika kukujulisha kwamba baba yetu, Mzee Yairo, alifariki dunia siku ya Ijumaa baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amezikwa leo katika kiwanja cha Chama cha Kuzikana. Chifu wetu alihudhuria na kutusaidia sana. Usisafiri, mazishi yamekwisha.

Dada yako,
Nabalayo


Kota za Reli, Nairobi
26 Mei 1974

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Pole. Poleni wote wa chama.

Barua ilinikuta karakana. Niliisoma nimesimama kando ya injini, nikalichana shati langu la kazi, lile la kaki, kuanzia shingoni, upande wa moyo, kama Baba alivyolichana lake Mama alipokufa. Msimamizi alifikiri nimenaswa na mashine.

Kisha nikakaa sakafuni siku saba. Sikuwa peke yangu. Wale wazee wa kamati walikuja kila siku asubuhi na jioni, watu kumi, kwa sababu sala ya wafiwa haisemwi chini ya wanaume kumi. Wazungu wenye miguu mirefu, Dada, kwenye chumba changu, hawajui pa kuiweka. Mmoja ana zaidi ya miaka themanini, walimshika mikono kumwinua. Walileta mayai ya kuchemsha na mkate. Hawakusema mengi. Nililia mbele yao bila haya.

Mimi nilikwambia umlete. Sitaki kukulaumu lakini nalaumu. Ningemwona hata mara moja. Ningemshika ule mguu.

Sasa nakwenda kila Jumamosi kumsomea. Inatakiwa miezi kumi na mmoja. Niambie alisema nini mwisho, na kama aliniulizia.

Mdogo wako aliyebaki,
Naftali


Namuwongo, Kampala
16 Juni 1974
(Kwa mkono wa Okullo)

Naftali, mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Salamu zitakuja baadaye.

Baba yu hai. Yuko nyuma ya pazia, chumba cha ndani, anamenya karanga. Nisamehe. Ile barua ya posta niliiandika kwa ajili ya wale wanaozifungua, na sikupata njia ya kukuwahi kwa sababu Okullo alikuwa amepangwa safari za Kisumu. Barua yako ya kilio nilimsomea Baba. Aliugeukia ukuta, na hakula siku ile.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kule Mbale mtu alitoa habari kwamba mzee anayechechemea alipanda treni na sanduku la vitabu vya Israeli. Habari ikashuka mpaka kwa machifu wa Kampala. Siku ya Alhamisi fundi viatu jirani yangu akaninong'oneza kwamba Kamis anauliza juu ya mzee wa mguu mbovu. Baba akasikia. Akasema, "Basi nizikeni."

Unajua kwamba vitabu vyetu vikifika mwisho wake havichomwi wala havitupwi, vinazikwa kama mtu. Baba akaniambia, "Vitabu vinataka kaburi, mimi nataka kusahauliwa, na chama chenu kina kiwanja kisicho na mtu. Unangoja nini?" Mzee Eliabu na wenzake wakakubali. Nikavishonea vitabu sanda kwa kitambaa ulichotuma. Nikaweka mto wa pamba mahali pa kichwa na vipande viwili vya mbao mahali pa miguu. Uzito ulikuwa sawa kabisa na wa mtu. Baba mwenyewe alikaa kitandani akisahihisha, "Bega la kushoto liko juu."

Tulipanga kuzika Ijumaa ileile kabla ya jua kuzama. Mvua ikanyesha, kaburi likajaa maji, saa zikaenda. Majirani walikuwa wamejaa, wanawake tunalia. Kamis akaja, akavua kofia. "Pole, Mama Fundi. Kesho asubui mimi naleta watu wa kuchimba na lori ya kazi. Maiti haikai." Petroli unavyoisikia, Naftali. Mtu akikupa lori Kampala hii unapiga magoti. Na mimi nikasema, "Kesho hapana, Bwana Chifu. Tutazika Jumapili."

Maneno yalitoka kabla sijayajua. Nikageuka kumtazama Mzee Eliabu aniokoe, aseme kesho ni sawa. Ametazama chini. Hakuna hata mmoja wa wazee wetu aliyefungua mdomo. Tulikuwa tumedanganya kifo, tumedanganya maiti, tumelia machozi ya uongo mbele ya mtaa mzima, na Jumamosi, siku yetu ya Sabato, ikatushinda. Jumamosi hatuziki, basi, hata kama wa kuzikwa ni karatasi.

Kamis ni Mwislamu. Kwake kumlaza maiti ndani tangu Ijumaa hadi Jumapili, mtu akiwa amekupa watu na lori, ni jambo lisiloelezeka. Alinitazama, akamtazama Eliabu, akaitazama ile sanda. "Jumapili," akasema. "Haya." Jumapili alikuja, akashika sepetu, akafukia pamoja na wanaume.

Anajua kitu. Sijui ni kiasi gani. Sijui anangoja nini.

Dada yako,
Nabalayo


Kota za Reli, Nairobi
7 Julai 1974

Dada,

Nimefurahi mpaka nimeumwa kichwa, halafu nikakasirika, na hasira bado haijaisha, kwa hiyo vumilia.

Mmenifanya nimlilie mtu anayemenya karanga. Mimi nimechana nguo. Wazee wa watu wamekaa sakafuni kwangu, yule wa miaka themanini magoti yake yanalia kama mlango. Na sasa nitawaambia nini? Nikisema baba yangu alifufuka, habari itatembea, na habari ikitembea kutoka Nairobi inafika Kampala kabla ya treni. Siwezi kusema. Kwa hiyo kila Jumamosi nasimama mbele ya watu wema, namsomea sala ya marehemu mtu anayekula ugali Namuwongo. Nikiacha kwenda wataniuliza kwa nini, na nikienda namdanganya Mungu kwa sauti. Mmejifungia huko, na mimi mmenifungia huku.

Shati nimelishona. Nilikuwa na haki ya kulishona.

Mwambie Baba nampenda na kwamba amenikosea.

Mdogo wako,
Naftali


Namuwongo, Kampala
19 Januari 1975

Mdogo wangu mwenye hasira,

Habari za siku nyingi? Sisi tunapumua. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na mafuta ya taa yanapatikana kwa magendo tu.

Nilimsomea Baba barua yako. Kuhusu kukukosea, amesema ni kweli. Kuhusu sala, amesema, "Ni watu wangapi wanaombewa na watoto wao na huku wanasikia?" Kuhusu shati akauliza umelishona kwa uzi gani. Nikasema sijui. Akasema nikuandikie: fumua, ushone tena kwa uzi mweupe, mishono mikubwa, ili siku ya kuufumua usipate taabu ya kuutafuta. Anasema bado utalihitaji.

Nikueleze tunavyoishi. Mtu aliyezikwa hana pa kwenda. Hatoki uani. Hakohoi hovyo. Akitaka kucheka anauma shuka. Mchana cherehani langu linalia na redio inalia, na katikati ya kelele hizo mbili ndipo anaposemea sala zake. Wateja wananiuliza kwa nini redio iko juu hivyo. Nasema masikio yangu ni mabovu. Sasa mtaa mzima unanipigia kelele kama kiziwi.

Na Kamis anakuja kila Jumamosi. Anasema anamjulia hali mfiwa. Anakaa kwenye kile kiti, mgongo wake uko karibu na pazia kiasi kwamba Baba angenyoosha mkono angemgusa. Mimi siwashi moto Sabato, unajua, kwa hiyo chai naichemsha Ijumaa naitia kwenye chupa. Mara ya kwanza alikunywa bila neno. Mara ya pili akasema, "Mama Fundi, chai yako ya Jumamosi kila siku ni ya chupa." Nikamwambia makaa ni ghali. Akasema ndiyo, makaa ni ghali. Akamaliza kikombe.

Naftali, huyu mtu ananiua polepole kwa adabu yake. Angenikamata ningejua moja. Usiku wa Ijumaa silali vizuri, nikifikiria kesho nitamwambia nini.

Dada yako,
Nabalayo


Kota za Reli, Nairobi
14 Septemba 1975

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa mzee wa nyuma ya pazia. Uzi mweupe nimeutia. Kwenye shati la kaki unaonekana kama mfupa wa samaki, karakana wananicheka.

Soma hapa vizuri. Nimezungumza na Okullo. Kuna behewa la kahawa linalotoka Kampala, yeye ndiye atakayekuwa gadi, na mtu wa mpakani Malaba ni jamaa yake. Magunia yanaweza kupangwa paachwe nafasi ya watu wawili. Okullo amekubali, wala hataki kitu. Amesema, "Muze yule alinipa baraka wakati mtoto wangu mgonjwa, mimi siko napima." Ni siku moja tu ya shida, basi. Wazee wa kamati wana chumba tayari, nimewaambia ni shangazi yangu anakuja na mgonjwa.

Kubali, Dada. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba unibebe tukivuka mto.

Mdogo wako,
Naftali


Namuwongo, Kampala
4 Aprili 1976

Ndugu yangu Naftali,

Nakusalimu, na nakuomba radhi kwa kunyamaza muda wote huu. Nilianza barua hii mara nyingi, kila mara nikaona jibu nisilolipenda.

Baba hataki. Hakupiga kelele, hawezi. Alisema, "Nikifia ndani ya behewa, Okullo atanitupa wapi? Kaburi langu liko Bugolobi, vitabu vyangu viko ndani, vinaningoja. Nenda wewe." Aniambie mimi niende, baada ya kuniapisha. Nilimkasirikia nikatoka nje nikakaa kwenye reli mpaka hasira ikapoa. Siwezi kwenda bila yeye, na yeye hawezi kwenda. Basi, usiniombe tena, kwa sababu kila ukiniomba nataka.

Tangu Februari ana kikohozi. Kile kibaya, kinachotoka chini. Cherehani halikifuniki. Jumamosi moja Kamis amekaa hapa, redio inasoma habari, na Baba akakohoa. Nilishika meza. Kamis hakugeuka. Alingoja habari zikaisha, akasema, "Mama Fundi, redio yako iko na kifua."

Nikasema ni ya zamani.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti, akakiacha juu ya cherehani. "Dawa ya redio," akasema. "Asubui kijiko moja, jioni kijiko moja." Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, nzuri, ya hospitali ya jeshi, ambayo huwezi kuipata hapa hata kwa magendo. Nilipomfungulia Baba alinusa, akauliza kama inaweza kuwa sumu. Tulikaa tunaitazama mpaka jioni. Halafu akasema mtu aliyekwisha kuzikwa haogopi sumu, akanywa.

Imemsaidia kidogo. Mimi haijanisaidia. Nilikuwa namwogopa mtu asiyejua. Sasa namwogopa mtu anayejua, na sielewi anataka nini.

Dada yako,
Nabalayo


Nairobi
25 Julai 1976
(Kwa posta)

Dada mpendwa,

Habari za huko? Hapa sisi ni wazima.

Baada ya mambo yaliyotokea Entebbe tunasikia mengi, sitaki kuyarudia. Nataka neno moja tu kutoka kwako, hata kama ni la kunitukana.

Yule rafiki yetu wa treni alivuka kuja huko tarehe 5, na hajarudi. Mkewe amekuja karakana mara mbili na mtoto mgongoni. Tumeuliza kila mahali. Mimi simwangalii usoni, kwa sababu najua mfukoni mwake alikuwa na kitu changu.

Kama yule mgonjwa wa shangazi bado anaumwa, mwambie namkumbuka. Andika.

Mdogo wako,
Naftali


Namuwongo, Kampala
Jumapili, 24 Oktoba 1976

Mdogo wangu Naftali,

Baba amefariki. Hii ni kweli. Naiandika kwanza ili usiisome barua yote ukitafuta mahali nitakapokuambia yuko nyuma ya pazia. Pole, mdogo wangu. Pole kwangu pia.

Barua hii anaibeba mama mmoja wa magendo anayepitia Busia. Barua yako ya Julai ilinifikia imefunguliwa na kubandikwa tena. Habari za Okullo zimenivunja. Hapa nimeuliza nilipoweza kuuliza, na si pengi. Kama kilichomponza ni barua yetu, mimi na wewe tutaubeba mzigo huo. Wewe usiache kumwangalia mkewe usoni. Mwambie kamati imsaidie, mume wake aliwabebea kitambaa.

Baba alikwisha taratibu. Juzi Ijumaa asubuhi aliniambia leo redio isipigwe, anataka kusikia treni. Ikapita ya mizigo. Nilipogeuka kumpa uji alikuwa amekwenda.

Nikakaa pale sakafuni na bakuli mkononi. Nina maiti ndani ya nyumba, na mtu huyo tayari ana kaburi, tena chifu mwenyewe alilifukia. Nani huzikwa mara mbili? Kumtoa bila ruhusa ni kukamatwa kwenye kizuizi, maana tangu Waisraeli washuke Entebbe usiku kuwachukua mateka wao askari wako kila njia na jina la Myahudi halitajwi hata kwa mzaha. Kusema ni mgeni aliyefia kwangu ni kuwapa manispaa wamchukue, wamzike kwa maneno ya yeyote aliye zamu. Kile kitu kimoja alichokiogopa. Na kesho yake ilikuwa Sabato. Nilizunguka kila upande nikakuta ukuta, upande mmoja tu ulikuwa na mlango, na mlango huo ni Kamis.

Nikavaa vizuri nikaenda ofisini kwake. Nilikuwa nimekubali kwamba huenda sitarudi. Nikasema, "Bwana Chifu, mzee wangu amefariki."

Akaweka kalamu. Akamtuma karani wake akanunue sigara.

"Muze gani?"

"Mzee Yairo."

"Yule mimi nazika na mikono yangu."

"Ndiyo."

Ukutani kwake kuna saa, nilisikia inavyokwenda.

"Redio," akasema.

"Ndiyo, Bwana Chifu. Redio."

Akatazama dirishani, halafu akaitazama ile saa. "Leo ni Ijumaa," akasema. "Kesho nyinyi hamuziki. Enda ushone, Mama Fundi. Mimi nikitoka kwa sala nakuja na lori."

Naftali, nililia barabarani mpaka nyumbani, watu wakidhani nimepigwa. Kumbe tangu siku ile ya mvua alielewa. Miaka hii yote kila Jumamosi aliketi kwenye kiti changu ili mtu mwingine asije kuketi pale, na mimi nikimwogopa, na yeye akiogopa, wala hakuna aliyemwambia mwenzake.

Alikuja kama alivyosema. Mvua za mwezi huu zimelizamisha kaburi, kwa hiyo amri yake ilikuwa kwamba chama kilirekebishe siku hiyohiyo. Baba alikwenda chini ya magunia ya mchanga, na mimi nimekaa juu. Kwenye kizuizi Kamis alitoa kichwa akasema, "Kaburi imezama, tunaenda kutengeneza," wakatupisha. Tulichimba mpaka tukakuta ile sanda ya kwanza. Kitambaa chako kilikuwa kimeoza, vitabu vimeshikana vimekuwa kitu kimoja, lakini ule mto wa pamba ulikuwepo. Tukamlaza Baba kando yake. Eliabu alisema maneno yetu, yote, kwa sauti ya chini, hakuruka hata moja. Kamis alisimama mbali, ametupa mgongo, anaangalia barabara. Tulipomaliza jua lilikuwa bado liko juu ya kinamasi. Nikawahi nyumbani kuwasha mishumaa.

Jana Jumamosi amekuja, amekaa mahali pake. Nikamtilia chai ya chupa. Akasema, "Leo nyumba iko kimya." Nikasema ndiyo. Akanywa mpaka mwisho.

Najua utaniandikia nije, sasa kiapo kimetimia. Siwezi. Mtaa mzima unajua Kamis hukaa kwangu. Nikitoweka, wa kwanza kuulizwa nimekwenda wapi ni yeye, na unajua huku watu wanavyoulizwa. Nilikuwa nimefungwa na Baba, sasa nimefungwa na chifu. Lakini nalala, mdogo wangu. Juzi usiku nimelala mpaka kukakucha.

Kitu kimoja hatukuweza. Wanaume tulikuwa nao sita, hatukufika kumi, ile sala ya wafiwa haikusemwa. Hiyo ni yako. Nenda kwa wale wazee wa miguu mirefu, uwaambie ukweli wote, kwamba ulimlilia mtu aliye hai na kwamba sasa unawaomba wakae sakafuni tena. Watakuja. Ndiyo kazi yao, kama hii ilivyo yangu.

Na lile shati. Baba aliliulizia wiki hii, kama bado unalo.

Fumua ule uzi mweupe.

Ni mimi dada yako,
Nabalayo